Doa la Kiti cha Kushoto

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nilikuwa najifanya. Siwezi kunywa chai kwenye kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, hata kama mdomo wenyewe ni wa mume wangu. Nikila hotelini hufuta kijiko kwa tishu mpaka mhudumu ananichukia waziwazi. Kwa hiyo siku ile niliposimama kwenye uwanja wa mitumba pale mjini Wote, nikainamia kigari cha watoto kilichotoka ng'ambo, nikaingiza kidole kwenye mkunjo wa kiti na kukitoa kikiwa na uji mkavu wa mtoto nisiyemjua, pamoja na nywele mbili za manjano zilizogandana na uji huo, nilitaka kugeuka niende zangu. Sikugeuka. Nilikuwa na siku tisa za kupata kigari cha watoto wawili, la sivyo mama mkwe wangu angeondoka na kifungua mimba wangu akaishi naye mbali, kwake Tseikuru.

Watoto wangu wamepishana miezi kumi na mitatu. Wote ni mji mdogo, na mji mzima ulinisaidia kuhesabu. Kanisani mama mmoja wa kwaya aliniuliza, akitabasamu, tulikuwa tunakimbizwa na nani. Sokoni walikuwa wakiuliza kama ni mapacha, na nikisema la, wanavuta midomo na kumtazama yule mkubwa kwa huruma, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu mchana kweupe. Nilichukia ile huruma kuliko matusi.

Huyu wa pili, msichana, alizaliwa kwa upasuaji, na mgongo wangu haukurudi kama ulivyokuwa. Daktari alinikataza kubeba mtoto mgongoni na kuinua kitu chochote kizito kwa nusu mwaka. Kijana wangu naye alikuwa mzito kama debe la ndengu na alikuwa ameanza kutembea hatua nne nne tu, halafu anakaa chini na kudai abebwe. Msichana wa kazi aliondoka wiki moja baada ya mimi kutoka hospitali, akisema hakuajiriwa kulea mapacha wa uongo. Nina kibanda cha kuchapisha na kutoa nakala mkabala na ofisi za kaunti, na kilikuwa kimefungwa tangu nijifungue. Kutoka ploti yetu mpaka kibandani ni mwendo wa dakika ishirini, nusu yake mawe na nusu yake mchanga.

Ndipo mama mkwe akaja kuona mtoto. Namwita mwaitu, yaani mama, kama ilivyo kwetu. Alifika na kuku wawili, chupa ya asali, na leso mpya ya kujifunga, ya rangi ya machungwa, ambayo sikuiuliza ni ya nini. Mwaitu ana tabia moja ambayo ni lazima niieleze. Akiwa na amani huzungumza Kikamba. Akitaka kutoa amri huzungumza Kiswahili, nadhani kwa sababu hicho ndicho alichozoea kusikia kwa machifu na mapolisi. Siku ya pili, tukila muthokoi wa mahindi ya kukobolewa, aliweka sahani chini na kuanza Kiswahili.

"Huyu mkubwa nitaenda na yeye," alisema. "Nyinyi mlee huyu mdogo. Akifika miaka ya shule mtakuja kumchukua."

Mume wangu alitazama sahani yake. Yeye ni fundi wa mjengo, mtu mzuri, lakini mbele ya mama yake hugeuka tofali.

Nilisema hapana. Nilisema nitapata njia ya kuwatembeza wote wawili na nitafungua kibanda changu. Mwaitu akasema kitu ambacho kilikuwa cha haki, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

"Ukiweza kutembea na hawa wawili bila kuvunjika, mimi nitaenda peke yangu. Lakini usiniambie na mdomo. Nionyeshe." Mtoto mdogo angeombewa kanisani Jumapili ya wiki iliyofuata, na Jumatatu yake mwaitu angerudi kwake.

Kumpeleka mtoto kwa nyanya yake si jambo geni kwetu. Akifuatwa haraka na mwingine, yule wa kwanza hupelekwa akapate maziwa na macho ya mtu mmoja. Wengi wamelelewa hivyo wakawa watu. Hata mimi nililelewa hivyo, na ndiyo maana nilikataa.

Nilipelekwa kwa nyanya yangu huko Kikima, milima ya Mbooni, kabla sijafikisha miaka miwili, kwa sababu mama alikuwa na mimba na alifanya kazi kwenye mji mmoja wa barabara ya Mombasa. Nilirudishwa nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa amepika wali, chakula cha wageni. Alinikumbatia mlangoni nami nikashika pumzi mpaka aliponiachilia. Alinuka sabuni nisiyoijua na mafuta ya nywele, na chini ya hayo jasho la mtu mwingine. Kabla hajamimina chai nilichukua kikombe, nikatoka nacho nje hadi kwenye karai, nikakisuuza mara mbili. Kilikuwa kikombe safi kabisa. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni na birika mkononi, ananitazama. Hakunipiga. Alinimiminia chai. Mpaka leo nikienda kumsalimia najikuta nakisuuza kikombe, na yeye hugeuza uso asinione. Nilimwonea mama yangu mzazi kinyaa, najichukia kwa hilo, na sijui dawa yake. Sikutaka mwanangu aje asuuze kikombe changu.

Basi tukatoka kutafuta kigari, mimi na mume wangu, tukamwachia mwaitu watoto.

Tulianza na vipya. Duka lilikuwa moja tu lenye kigari cha watoto wawili, nacho kilikuwa kimening'inizwa kwenye dari katikati ya mabeseni na viti vya plastiki. Mwenye duka alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alikishusha lakini akakataa kukitoa kwenye nailoni, akasema kikishatolewa kimenunuliwa. Hata ndani ya nailoni harufu ya plastiki ilinichoma macho. Magurudumu yake yalikuwa madogo kama vifuniko vya chupa. Mume wangu alibonyeza mpini kidogo tu, ukapinda.

"Hiyo ni ya lami, mama," mwenye duka alisema, akaifuta njiti kwenye suruali na kuirudisha mdomoni. "Si ya hizi barabara zetu."

Angalau alikuwa mkweli. Tuliondoka, na kwa saa nzima nilikuwa naiona ile njiti.

Uwanja wa mitumba ulikuwa na vigari vitatu vya watoto wawili, vimepangwa kwenye turubai kati ya rundo la viatu na rundo la mapazia. Muuzaji alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha, na kila alichogusa alikiachia chumvi na mate. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alivitembeza vigari vyake kutoka mwisho wa turubai akipiga kelele kana kwamba amevizaa.

"Hizi ni za wazungu, mama. Oriji. Hata ukimwaga chai haishiki."

"Na hii ni nini?" nikamwonyesha kidole changu chenye uji na nywele.

Alitazama, akatema mate kwenye kitambaa, akafuta mkunjo wa kiti kwa kitambaa hicho. "Sasa iko safi kuliko ya nyumbani kwako," akasema. 

Kigari cha kwanza kilikuwa chembamba, kiti kimoja mbele na kingine nyuma. Mume wangu alikipenda papo hapo. Alitoa tepu mfukoni, akakipima, akaandika kwenye kiganja chake. "Hii inapita kila mahali," alisema. "Mlango, geti, mpaka kanisani." Mume wangu ni mtu anayeamini kwamba kila swali lina jibu la sentimita.

Mimi nilichuchumaa nyuma, nikaweka kichwa changu pale ambapo kichwa cha mtoto wa kiti cha nyuma kingekuwa. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa kile kiti kingine, na mfuko wa wavu wenye karatasi ya peremende iliyoyeyuka. Nje ya hapo sikuona kitu.

"Nani atakaa huku nyuma?" nikamuuliza.

"Mkubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkubwa."

"Ana mwaka mmoja na miezi mitatu," nikasema. Nilisimama kwa shida, mkono mgongoni. Nilikasirika kupita kiasi, nakubali, watu wakageuka. Nilimwambia kwamba huyo mtoto ameambiwa akae nyuma tangu siku dada yake alipotungwa mimba, na kwamba simnunulii kiti cha kumkumbusha. Mume wangu alifuta kiganja chake kwenye shati, na ile karatasi ya peremende nikaiona imenata kwenye kidole changu.

Cha pili kilikuwa cha magurudumu matatu makubwa ya upepo, kama ya baiskeli. Kilinuka mbwa. Si kunuka kidogo, kilinuka kana kwamba mbwa alilala humo, akazaa humo, na manyoya yake meupe yalikuwa yamefumwa kwenye kitambaa. Mume wangu aligonga tairi kwa ukucha. "Miiba ya huku itazimaliza," akasema. "Mpaka ufike kibandani utakuwa umeziba pancha tatu." Kwa mara ya kwanza siku hiyo tulikubaliana.

Cha tatu kilikuwa na viti viwili ubavu kwa ubavu, rangi ya kijivu, magurudumu ya mpira mgumu usio na upepo. Ndicho chenye ule uji. Mikanda ilikuwa inanata. Kwenye kiti cha kushoto kulikuwa na doa la hudhurungi, ukubwa wa kiganja, lenye kingo nyeusi zaidi kuliko katikati. Nililinusa kwa sababu siwezi kujizuia kunusa. Sitaandika nilidhani ni kitu gani.

Lakini nilikisukuma, nacho kikaenda. Kilipita juu ya jiwe bila kulia. Viti vilikuwa sawa, hakuna wa mbele wala wa nyuma.

"Mchagua jembe si mkulima, mama," muuzaji alisema, na punje ya mahindi ikaruka kutoka mdomoni mwake ikatua kwenye kile kiti cha kushoto, karibu kabisa na doa. Nilikinunua hivyo hivyo, na punje yake.

Nyumbani nilivua kitambaa chote nikaanza kufua. Ilikuwa kiangazi, tangi la ploti lilikuwa kavu, na maji tulinunua kioskini, chini kwenye mteremko, baada ya ule mchanga wa njia ya kibandani. Nilitumia jerikeni tatu. Maji ya kwanza yalitoka meusi yenye utando wa mafuta. Kwenye mikunjo nilitoa biskuti iliyogeuka matope, nyonyo ya mpira iliyotafunwa na mtoto, nondo mkavu, na kitu laini ambacho nilikitupa bila kukitazama. Nilikuwa nimefunga pua kwa kitambaa, natokwa na machozi kwa dawa ya madoa. Uji ulitoka, nywele zikatoka, harufu ikapungua. Doa halikutoka. Lilififia likiwa bichi, likikauka linarudi.

Mwaitu alikuwa ameketi kivulini anachambua ndengu, kijana amelala mapajani mwake. Alinitazama kuanzia jerikeni ya kwanza mpaka ya tatu.

"Maji hiyo ni ya mbuzi kumi," alisema kwa Kiswahili. "Nyinyi watu wa Mbooni mnafikiri maji inamea kama sukuma wiki."

Kisha akanyanyuka, akaja akainama juu ya kiti cha kushoto, akanusa kama mimi nilivyonusa. Alikunja uso. "Hapo hata mbuzi siwezi kulaza," akasema. Nilimchukia, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Siku zile zilikuwa ndefu. Mwaitu alikuwa na njia zake, na kila njia yake ilinitia kinyaa. Alitafuna muthokoi mdomoni mwake mpaka ukawa laini, akautoa kwa vidole na kumlisha kijana, naye kijana akafungua mdomo kama kifaranga. Alimtemea mdogo mate ya baraka kifuani. Halafu kijana akapata mafua. Kwa siku tatu nilimpangusa pua kwa pamba na maji ya chumvi, na kwa siku tatu alilia kwa sababu hakuweza kupumua akinyonya chupa. Siku ya nne mwaitu alimchukua kutoka mikononi mwangu, akaweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto, akafyonza, akatema mavumbini. Akarudia. Nilikimbia nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Niliporudi kijana alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua bila sauti yoyote.

Hapo niliogopa. Nilijua kwamba mimi, mama yake, nisingeweza kufanya vile hata kwa bunduki. Kesho yake kijana alitamka neno lake la kwanza lililoeleweka. Alisema "susu", nyanya. Mimi alikuwa bado hajaniita kitu.

Ile leso ya machungwa mwaitu alikuwa anaivaa tangu alipofika. Alijifunga nayo akipika kwenye mafiga, alilala nayo, alifutia jasho. Haikuwa mpya tena. Ilinuka moshi na mafuta na koti lake la kuchungia mbuzi. Siku moja niliikuta kiti­ni nikaitia kwenye beseni pamoja na nepi, nikidhani nafanya wema. Aliinyakua kabla haijalowa.

"Hiyo haioshwi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto hapelekwi na nguo mgeni. Lazima inuke mimi. Akilala njiani asijue ametolewa kwao."

Alisema vile bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza namna ya kupanda kunde. Nilisimama na mikono inayodondosha povu. Wiki nzima alikuwa anaiandaa ile leso mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa naiona uchafu tu.

Jumapili ikafika. Hiyo ndiyo siku niliyopanga kumwonyesha. Kitambaa kilikuwa kimekauka, mume wangu alikuwa amepima geti na kukuta kigari kinapita, kikibakiza unene wa vidole viwili. Nikawafunga watoto ubavu kwa ubavu, kijana kulia na dada yake kushoto, juu ya taulo nililotandika kuficha doa. Kwenye mawe tulikwenda vizuri. Watu walitoka kwenye maduka kututazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachinja kuku aliacha kisu akaja kumbana mdogo shavu, na vidole vyake viliacha alama mbili nyekundu ambazo nilizifuta mpaka shavu lenyewe likawa jekundu.

Kisha tukafika kwenye mchanga, na kigari kikazama. Nilisukuma, magurudumu ya mbele yakachimba. Nilisukuma tena na mgongo wangu ukafyatuka, nikaruka kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Wanaume wawili waliovaa suti za kanisani walilazimika kukinyanyua, watoto na vyote, huku wakicheka na kuuliza kama kigari hiki kina leseni. Kijana alikuwa analia. Taulo lilikuwa limesogea na doa lilikuwa nje, mbele ya kanisa zima. Mwaitu alisimama pembeni na Biblia kwapani.  Jioni niliona nguo za kijana zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake wa safari.

Jumatatu niliamka na jua limeshachomoza. Mume wangu alikuwa ameshaenda kazini. Kitanda cha mwaitu kilikuwa kitupu, kitanda cha kijana kitupu, na barazani hakukuwa na kigari.

Sikutazama kama mfuko wa mwaitu bado upo, wala sikufikiri. Nilimkumbatia mdogo kifuani, nikatoka nikiwa na ndala ya mume wangu mguu mmoja na yangu mguu mwingine. Nilimtukana yule mama njia nzima, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, maneno ambayo sikujua ninayo. Nilisema ni mwizi, ni mchawi, kwamba mdomo wake unanuka. Nilikuwa naelekea steji ya matatu, na njia ya steji inakata ile ya kioski cha maji. Hapo kwenye njia panda niliwaona.

Mwaitu alikuwa anapanda mteremko, leso ya machungwa mabegani, anavuta kigari nyuma yake. Kwenye kiti cha kulia alikaa kijana, amefungwa mkanda, anatafuna kipande cha muwa chenye vumbi. Kwenye kiti cha kushoto, kile nilichokisugua mpaka vidole vikachubuka, ilikaa jerikeni ya maji ya lita ishirini, iliyochafuka matope mpaka shingoni. Kitambaa kilikuwa kimelowa tope. Nilihisi kinyaa na furaha, vyote kwa wakati mmoja.

Aliniona akasimama. Nadhani alisikia baadhi ya matusi yale.

"Nimerudisha maji yako," alisema. "Hii ni ya tatu."

Alikuwa ameamka alfajiri akaenda mara tatu na kigari, kwenye mchanga ule ule ulionishinda. Nilimuuliza amepitaje.

"Kwenye mchanga hausukumi. Unageuza, unavuta. Nani amewahi kusukuma ng'ombe?"

Kisha akafungua mkanda wa kushoto, akainua jerikeni, akaitia kamba na kuining'iniza mgongoni, kamba ikipita kichwani. Ana miaka mingi kuliko mama yangu. Akaonyesha kidole kile kiti kitupu chenye tope, na akasubiri.

Nilimweka binti yangu kwenye lile tope. Nilimweka na gauni lake jeupe, na sikutandika kitu. Nikageuka nikashika mpini na kuvuta. Mgongo uliuma lakini haukufyatuka. Magurudumu yalipanda juu ya mchanga badala ya kuchimba. Nilivuta mpaka getini bila kusimama, na mwaitu alinifuata nyuma na maji yake, akihema.

Getini aliweka jerikeni chini. "Basi," akasema, kwa Kikamba. "Baki naye."

Saa nne tulimsindikiza steji, mimi nikiwa navuta na kusukuma kadiri njia ilivyotaka. Alikuwa na safari ya magari matatu na kutwa nzima. Kabla ya kupanda alifungua mfuko wake, akatoa nguo za kijana moja moja na kunipa. Aliendelea kuzungumza Kikamba. Aliniambia kuna mbuzi mmoja wa maziwa aliyekuwa amemtenga, mweupe, alishamwambia jirani asimkamue kwa sababu ana mwenyewe anayekuja. Alisema sasa atamkamua tu. Nilikuwa nimemshinda, na nilijihisi mwizi.

Halafu akamnyanyua mdogo kutoka kwenye kiti cha kushoto akanishikisha. Alivua leso mabegani, akaikunja mara mbili, akaitandika juu ya doa na kuishindilia pembeni kwa vidole vyake, kama anavyotandika mtu aliyelea watoto wengi. Akamrudisha mtoto juu yake.

"Hilo halitoki," alisema. "Lifunike."

Gari lilipoondoka kijana aliita susu mpaka lilipopotea. Hakuniangalia njia nzima ya kurudi. Kesho yake, nilipotaka kumkalisha kwenye kiti chake cha kulia twende kibandani, alikaza miguu, akapanda mwenyewe cha kushoto, akalaza shavu kwenye leso na kulala kabla hatujafika kwenye mchanga. Nikamweka dada yake kulia.

Kigari kile nimekifua mara nyingi tangu siku hiyo, mikanda, magurudumu, hadi skrubu. Leso sijaifua.